Kipimo cha Mzee Aminieli

Hilda Swai hakuwa akiutafuta mshipa ule. Mzee Aminieli Lema alifika hospitalini kwa shida ya mkojo, kama wanaume wengi wa umri wake, na Hilda akamlaza kitandani ili amwangalie kibofu. Ilikuwa Machi 1998. Mashine ya ultrasaundi ilikuwa na miezi mitano tu tangu iletwe na Wajerumani wa usharika rafiki wa kanisa. Daktari mmoja wao alikaa wiki tatu akimfundisha Hilda kuitumia: mimba, ini, figo, maji tumboni. Siku ya mwisho, mizigo yake ikiwa tayari mlangoni, alimwonyesha pia namna ya kupima mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni ukiwa umelalia uti wa mgongo.

"Ukizidi sentimeta tatu, una kasoro," alimwambia. "Ukizidi tano na nusu, usimwache mgonjwa akarudi nyumbani."

Hilda hakumuuliza aende wapi kama si nyumbani.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya misheni, juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala, pale migomba inapokaribia msitu. Ilikuwa na vitanda arobaini na madaktari wasaidizi wawili. Hilda alikuwa mmoja wao, na mashine ile ilikuwa yake peke yake, kwa sababu mwenzake alisema macho yake hayaoni kitu mle ndani ila mawingu.

Kibofu cha Mzee Aminieli kilikuwa kimejaa na tezi dume imevimba, hakuna la ajabu. Hilda akapandisha kile kifaa cha mkononi ili aone figo, akakipitisha katikati ya tumbo bila kufikiri. Kwenye kioo likatokea duara jeusi. Lilikuwa linapiga. Akageuza kifaa, duara likawa mrija, na mrija ule ulikuwa umetanuka katikati kama kibuyu. Akapima. Sentimeta sita nukta nane. Akafuta jeli, akapaka nyingine, akapima tena. Sita nukta nane. Mara ya tatu akapata sita nukta tisa.

"Mbona umenyamaza, daktari?" Mzee Aminieli aliuliza. "Umekuta mimba?"

Alikuwa mtu wa mzaha. Miaka ishirini na sita alipika kwenye misafara ya wazungu wanaopanda mlima, akawachekesha watu wanaotapika na kulia kwa baridi mpaka wakaweza kunywa supu. Sasa alikuwa na miaka sitini na saba, ana kihamba chake cha migomba na kahawa, ng'ombe mmoja wa maziwa, na sigara ambazo mkewe alizificha kila siku naye akazipata kila siku.

"Mzee, ukilala chali, husikii kitu kinapiga tumboni?"

"Nasikia. Mwaka wa pili sasa. Nilidhani moyo umeshuka kwa uzee."

Hilda akakigeuza kioo kimwelekee. Alikuwa na desturi hiyo, kuwaonyesha wagonjwa vitu vyao wenyewe, na aliipenda. "Umewahi kuona tairi la baiskeli lililotoa tumbo?" aliuliza.

Mzee akatazama duara lile likipiga, likipumzika, likipiga. Mzaha ukamtoka usoni taratibu.

"Nimeliona," alisema. "Na nimeona lilivyopasuka."

* * *

Wiki hiyohiyo Hilda aliwasindikiza mjini Moshi mzee na mkewe Magdalena, ambaye majirani walimwita Mama Godlove kwa jina la mwanawe wa kwanza. Walimwona daktari wa upasuaji aitwaye Shedrack, mtu mwembamba aliyeonekana kama hajalala tangu juzi. Alilibonyeza tumbo la mzee kwa vidole vinne, akafunga macho, akasikiliza kwa vidole. Kisha akamwomba Hilda watoke nje kidogo.

"Umeona vizuri," alisema. "Wengi hapa mjini wasingeuona."

"Sasa?"

"Sasa hakuna. Nikifungua pale, lazima nikate kipande kilichotanuka na kuweka bomba maalumu la kitambaa. Bomba hilo sina. Mtu wa kunisaidia kulishona sina. Damu chupa kumi sina. Atakufa mezani, na kesho yake nitakuwa muuaji."

"Na nje ya nchi?"

"Wanaopelekwa nje ni watoto wenye matundu ya moyo, na hao wenyewe wanasubiri. Mzee wa miaka sitini na saba?" Aliacha swali likining'inia, akaandika dawa ya kushusha presha. "Aache sigara. Asibebe mizigo. Akipata maumivu ya ghafla ya mgongo au tumbo, mkimbize."

"Nimkimbize kwako?"

Daktari Shedrack akamrudishia karatasi. "Ndiyo. Kwangu. Tutajaribu."

Walipokuwa wakirudi, Mzee Aminieli hakuuliza walichosema nje. Alikaa ameshika tumbo kwa mikono miwili, kwa namna ambayo mtu hushika sinia la mayai.

* * *

Kuanzia siku hiyo aliacha kuishi. Sigara aliziacha siku ileile bila kusumbuka, Mama Godlove akafurahi, lakini mengine yote yakafuata. Aliacha kukata majani ya ng'ombe. Aliacha kuinama kwenye kahawa. Akaacha kucheka, kwa sababu kicheko kilitikisa tumbo, na akikohoa alijibana kwa mto. Mjukuu wake wa miaka mitatu alipomkimbilia, alinyoosha mkono kumzuia. Alilala ameketi, ameegemea ukuta. Mchana alikaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, akitazama migomba aliyoipanda mwenyewe ikisongwa na magugu.

Kila mwezi alikuja kupimwa. Alilala kitandani, akageuzia kichwa kwenye kioo, na baada ya miezi michache alijifunza kukisoma. Aliutambua uti wa mgongo, aliujua mshipa, alijua Hilda anaweka alama wapi.

"Ngapi?" alikuwa akiuliza.

"Sita nukta tisa."

Mwezi mwingine: "Saba."

Mwezi mwingine: "Saba nukta mbili."

Namba hizo zilizagaa kijijini. Vijana waliomkuta nyuma ya nyumba walimpa shikamoo, wakaongeza mara moja, "Babu, imefika ngapi?" Kanisani, mara chache alizokwenda, watu hawakukaa naye benchi moja, kana kwamba akipasuka atawarukia. Godlove, mwanawe aliyekuwa fundi magari Arusha, alikuja kila baada ya wiki mbili. Alimtafutia baba yake madaktari huku na huko, akamleta hata mtaalamu mmoja wa mishipa, mtalii aliyekuwa akipita kwenda mbugani. Mtaalamu alitikisa kichwa, akawapiga picha ya ukumbusho.

Mwezi wa kumi Mama Godlove alikuja hospitalini peke yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mikono yake myeusi kwa utomvu wa ndizi. Hakukaa hata alipokaribishwa.

"Daktari, nimekuja kukuomba kitu kibaya."

"Sema tu, mama."

"Mwambie imepungua."

Hilda alidhani hakusikia vizuri.

"Mkipima wiki ijayo," Mama Godlove alisema, "mwambie imepungua. Mwambie dawa imefanya kazi."

"Mama, siwezi. Haijapungua. Na haitapungua."

"Najua. Kwani mimi ni mtoto? Najua atakufa. Hata wewe utakufa." Sauti yake ilikuwa haijapanda bado. "Lakini mimi naishi na maiti tangu mwezi wa tatu. Hanigusi. Haongei. Anasikiliza tumbo lake mchana kutwa. Kile ulichomwonyesha pale kwenye kioo ndicho kinachomla, si huo mshipa. Mshipa aliishi nao akiwa hajui, na alikuwa anacheka."

"Nilipaswa kumwambia."

"Ulipaswa, sawa. Una dawa ya kumpa baada ya kumwambia?"

Hilda alitazama kabati la dawa.

"Huna. Basi nirudishie mume wangu kwa muda uliobaki. Hata wiki mbili."

Akavuta khanga yake mabegani, akatoka.

Hilda aliwaza jambo hilo siku sita. Alitaka kumuuliza mwenzake, akaona aibu. Alitaka kumpigia simu Daktari Shedrack, akajua atakachojibu. Usiku hakuweza kusali vizuri, maana kila sala ilianza na maneno ya kujitetea. Siku ya saba Mzee Aminieli aliingia akitembea kwa hatua fupi, akapanda kitandani kwa msaada wa muuguzi, akageuza kichwa.

Kioo hakikuwa upande wake. Hilda alikuwa amekisogeza kabla.

"Waya umekuwa mfupi," alisema. "Fundi aliukata."

Akapima. Saba nukta sita. Akapima tena, polepole, kama mtu anayechelewesha jambo. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mzee, ajabu. Imepungua."

"Nini?"

"Imepungua. Sita na nusu."

Mzee Aminieli alinyanyuka ghafla kwa viwiko, kitendo alichokuwa hajathubutu kukifanya kwa miezi saba. "Sita na nusu? Si ilikuwa saba?"

"Ndiyo. Dawa inafanya kazi."

Alimtazama muda mrefu, na Hilda akajilazimisha asikwepeshe macho. Halafu yule mzee akaanza kulia, mdomo wazi, bila kujifunika, machozi yakimwingia masikioni. "Ee Ruwa," alimwita Mungu kwa Kichagga. "Ee Ruwa wangu." Akaushika mkono wa Hilda uliokuwa bado na jeli, akaubusu.

Alipoondoka, Hilda alifungua daftari la vipimo akaandika namba ya kweli. Saba nukta sita. Hakuweza kudanganya daftari.

* * *

Mzee alipata miezi minne. Hilo lazima lisemwe.

Alirudi kihambani na panga, akakata magugu yote kwa siku tisa. Alianza tena kuwaita majirani waje kunywa mbege. Desemba mjukuu wake Kindness alipata kipaimara, na mzee alipika mwenyewe mtori wa watu mia moja, akichochea sufuria kubwa kwa mwiko wa mpishi wa mlimani, akiwatania wanawake kwamba hawajui kumenya ndizi. Hilda alikuwepo. Alimwona akimnyanyua mjukuu mdogo na kumrusha juu na kumdaka, na yeye Hilda akaweka bakuli lake chini. Upande wa pili wa uwanja Mama Godlove alikuwa akimtazama Hilda. Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Hilda kuona meno ya mwanamke yule.

Kila mwezi kioo kilikaa upande wa daktari. Sita na nusu, alisema. Sita nukta nne. Daftari liliandikwa saba nukta nane. Halafu nane nukta moja. Mwezi wa pili mzee hakuja kabisa. Alituma salamu kwamba ana kazi, anapandikiza migomba.

Jumanne moja ya mwezi huo, saa mbili asubuhi, alisikia mgongo unauma akiwa anachimba shimo. Alikaa chini kidogo. Akamwambia mkewe ni jembe, hajachimba siku nyingi. Mama Godlove alimtazama, akamwambia, "Twende hospitali."

"Kwa mgongo? Imepungua hiyo, Mama Godlove. Daktari si amesema?"

Akajilaza. Mkewe akamkanda kwa maji ya moto. Kumwambia neno moja tu kungetosha kumnyanyua pale kitandani, na neno hilo alilijua yeye na Hilda peke yao. Hakulisema. Kila saa alijiambia kwamba labda kweli ni jembe. Saa saba mchana mzee alisimama kwenda kujisaidia, akaanguka mlangoni. Majirani wakambeba kwa machela ya miti na blanketi.

Hilda alimwona anavyoingizwa, rangi imemtoka, jasho jembamba, akajua. Hata hivyo aliwasha mashine. Kitandani pale mgonjwa alipolazwa, bila kumbadilisha nguo, aliweka kifaa katikati ya tumbo. Mshipa ulikuwa pale, na pembeni yake, upande wa kushoto, kulikuwa na kivuli kikubwa ambacho hakikuwepo kabla. Damu. Ilikuwa imetoka nje ya mshipa, ikitanda nyuma ya tumbo.

"Gari!" alipiga kelele. "Mwambieni dereva awashe gari!"

Katika haraka ile hakukumbuka kioo. Kilikuwa kimegeukia upande wa mgonjwa. Mzee Aminieli alikuwa na fahamu. Alikuwa amegeuza kichwa, kama zamani, na anatazama.

"Ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hilda aliweka alama mbili, akapima.

"Daktari. Ngapi?"

"Nane nukta nne."

Alifikiri. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Haiwezi kukua hivyo tangu mwezi wa kwanza," alisema. Alikuwa amekariri namba zote; alijua inavyokwenda. "Haikupungua."

"Hapana, mzee. Haikupungua. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona amesimama miguuni pa kitanda ameziba mdomo kwa khanga, na akamtazama kwa namna ambayo Hilda hakuweza kujua kama alikuwa ameelewa kila kitu au anaaga tu. Walimpakia kwenye gari. Hilda alikaa nyuma naye, akishika chupa ya maji ya dripu juu, akiongea naye, akimwambia Daktari Shedrack anasubiri. Barabara ilikuwa mbaya. Hawajafika hata Kwa Sadala, mkono aliokuwa ameushika ukawa mzito.

Dereva aliona kwenye kioo chake cha ndani, akapunguza mwendo bila kuambiwa.

* * *

Siku tatu baada ya maziko Godlove alikuja kuchukua karatasi za kifo. Mama yake alikuwa naye. Muuguzi alileta daftari la vipimo ili Hilda anakili tarehe, akaliacha wazi mezani akatoka, na Godlove, aliyezoea kusoma vipimo vya injini, akashusha kidole kwenye mstari wa jina la baba yake.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Saba nukta sita, Oktoba. Sisi tuliambiwa sita na nusu."

Chumba kilikuwa na watu watatu tu.

"Saba nukta nane. Nane nukta moja." Akainua uso. "Daktari, hizi ndizo za kweli?"

"Ndizo."

"Ulimdanganya baba?"

"Nilimdanganya."

"Kwa nini?"

Mama Godlove alikuwa ameketi kando ya mwanawe, mikono mapajani. Alitazama sakafu. Hilda alimsubiri. Alihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, nne, akitumaini, na kila pumzi ilipopita aliona wazi zaidi kwamba mwanamke yule hatasema, na kwamba hawezi kusema, maana ana watoto watano na nyumba atakayozeekea ni yao.

"Nilimwonea huruma," Hilda alisema.

"Huruma!" Godlove alisimama. "Maumivu yalianza saa mbili. Saa mbili! Angejua, angekuja saa mbili. Saa tatu na nusu angekuwa mjini. Wewe na huruma yako mmemlaza kitandani mpaka saa saba."

Hilda alikuwa amekwisha kumuuliza Daktari Shedrack swali hilohilo kwa simu. Saa zile tano zingempa nafasi? Daktari akajibu, "Zingempa nafasi ya kufa mjini." Alikusudia kumfariji. Hilda alifungua mdomo amwambie Godlove maneno hayo, akaona hayafai kuambiwa mtu, akaufunga. Na kwa kweli hakuyaamini. Shedrack alisema pia siku ile ya kwanza, tutajaribu.

Godlove hakumshtaki. Aliwaeleza watu tu. Ilitosha. Wazee wa kijiji walikataa kulazwa kwenye kitanda cha mashine, wakisema mashine inasema hivi na daktari anasema vile. Wajawazito waliokuja walimwomba mwenzake Hilda awaangalie, yeye ambaye haoni ila mawingu. Hilda mwenyewe, alipopata mgonjwa mwenye umri, alipima figo ya kulia na figo ya kushoto, na katikati hakupita. Alijua ni kosa. Alijua kwamba mle ambamo hakupita huenda mlikuwa na kitu. Aliomba uhamisho, wakamjibu kwamba hakuna wa kumbadili.

Mwezi wa tano Mama Godlove alikuja na homa. Alikuwa amekonda. Walipobaki peke yao, Hilda alimpima joto, akamwandikia dawa ya malaria, akampa glasi ya maji.

"Ile siku," Mama Godlove alisema, "nilitaka kusema."

"Najua, mama."

"Kila Jumapili natoka nyumbani nikisema leo nitawaambia. Nikifika kanisani, naona Godlove amevaa koti la baba yake." Alishika glasi bila kunywa. "Na alinitazama. Pale kitandani. Uliona alivyonitazama?"

"Niliona."

"Alijua?"

Hilda angeweza kumwambia hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na mwanamke yule alikuwa amelisogezea uso wake wote kama mtu anayeota moto.

"Sijui," alisema.

Mama Godlove aliitikia kwa kichwa mara mbili. Alimeza vidonge vyake, akaomba kadi yake, akatoka.